Chumba cha Vanishi

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kumi na tisa bila pombe. Nesi kasema niandike ninavyojisikia. Sijisikii. Saa moja asubuhi kidonge cha kuacha pombe, mke wangu kasimama mbele yangu kama trafiki. "Fungua mdomo." Nafungua. "Inua ulimi." Nainua. Watoto wanacheka. Halafu karakana, chumba cha nyuma, kupiga fanicha vanishi mpaka jioni. Miaka kumi na minane sasa.

Jumatano, 5 Machi
Kliniki, kikundi cha wanaume. Tuko tisa, tulianza kumi na wanne. Dereva wa lori anasema kinachomrudisha kikundini ni kwamba asipokuja tunampigia simu kumtukana. Tumecheka. Nami nilicheka, nadhani. Nesi katukumbusha: ukiwa na kidonge hiki mwilini, ukigusa pombe utaumwa mpaka ujute.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua. Unyevu unaharibu vanishi, nikafunga madirisha yote. Saa tano uso ukawaka, moyo ukaenda mbio, nikatapika kwenye maranda. Kobe — mwenzangu, jina kapewa kwa kasi yake — akapiga kelele: jamaa karudi kwenye chupa! Bosi akamwita mke wangu anipeleke nyumbani. Akaninusa shati. Linanuka spiriti, tena sana. Nikasema sijanywa. Akasema hata siku ile aliyonitoa mtaroni nilisema hivyo hivyo. Kweli nilisema. Hakupaza sauti. Bora angepaza.

Jumamosi, 8 Machi
Kaenda kwa dada yake, yeye na watoto. Kidonge kiko mezani. Hakuna wa kuniambia nifungue mdomo. Sikukinywa.

Jumapili, 9 Machi
Sikukinywa. Nimelala.

Jumatatu, 10 Machi
Simu ya dereva asubuhi. Kasikia, sijui kwa nani. Hakuniuliza kama nilikunywa! Kasema vaa viatu, niko mlangoni kwako. Tukaenda kliniki. Nesi akataka nimweleze Ijumaa yangu hatua kwa hatua. Nikaeleza: vanishi naichanganya na spiriti, nachovya kitambaa, nasugua kwa mkono, madirisha nimefunga. Akaweka kalamu chini. Spiriti ni pombe, akasema. Unaivuta, inakuingia, kidonge hakichagui. Kwenye fomu niliandika "fundi". Fundi wa nini, hakuna aliyeuliza, nami sikusema. Wajinga wawili.

Akampigia mke wangu. Nilimsikia akilia upande wa pili. Nilitakiwa kufurahi. Nilikuwa nimechoka tu.

Jumanne, 11 Machi
Wamerudi. "Fungua mdomo." Nesi karuhusu niendelee na kidonge, mradi nisikaribie spiriti. Mke wangu kaenda mwenyewe kwa bosi: huyu asikanyage tena chumba cha nyuma. Bosi kakubali. Nimepewa msasa, kazi ya wanaoanza. Vanishi kapewa Kobe.

Alhamisi, 13 Machi
Naandika haya chooni, karakana. Mteja aliyeagiza kiti kikubwa kaja kukichukua kabla ya siku yake. Kobe kakiharibu, vanishi ya mgongo wote mistari mistari. Bosi kanifuata, sauti ya chini: ndugu yangu, kirekebishe, dakika tano tu, madirisha tutafungua yote. Na anajua! Alielezwa juzi tu. Nikasema nimebanwa, nikaja kujifungia huku.

Tangu nianze kidonge sijataka kitu. Chakula, mpira, hata mke wangu akinishika bega — sawa tu. Sasa nataka. Mistari ile naiondoa kwa kitambaa kimoja cha spiriti, na hapa hakuna mwingine awezaye. Lakini sijui ninachotaka ni kile kiti au ile harufu. Kweli sijui. Naogopa.

Nimempigia dereva. Inaita. Bosi anagonga mlango, anasema mteja anataka kuondoka. Bado inaita.