Kilo sabini na moja za "divers"

Alhamisi, saa kumi jioni. Mvua imekatika Kolwezi, na matope mekundu yamejaa hadi mlangoni.

Nimechukizwa. Sina neno lingine la kuanzia.

Juzi Jumanne ndege ya mizigo iliyokuwa ikienda Kananga ilianguka dakika chache tu baada ya kuruka hapa kwetu. Sikuiona ikianguka. Nilikuwa nafunga daftari ofisini, nikasikia injini ikikohoa, kisha kishindo, kisha ukimya. Nilipotoka nje, moshi ulikuwa umeshapanda ng'ambo ya uwanja.

Mimi ni karani wa agensi iliyoipakia. Kila kinachopanda hupita kwanza kwenye mizani yangu, halafu naandika jina lake na kilo zake kwenye orodha ya mizigo, na kopi moja inabaki kwangu: unga, sabuni, bia. Abiria hawaruhusiwi, lakini wanapanda, wanakaa juu ya magunia. Hao tunawaandika "divers". Ni neno la Kifaransa tunalotumia kwa vikorokoro, vitu visivyostahili mstari wao wenyewe. Miaka mitano nimeliandika bila hata kukunja uso.

Jumanne niliandika: divers, kilo sabini na moja.

Huyo alikuwa Mama Mbombo, anayeuza vitenge Musonoi. Mama yake mzazi alikuwa amefariki Kananga, na kwa treni angefika matanga yameshaisha. Alipopanda mizani alivua viatu, akavishika mkononi, eti apungue. Nikamwambia viatu vya mkononi navyo vinapimwa. Tulicheka sana. Kisha nikainama nikaandika neno langu.

Redio imesema wamekufa watu wanne, wote wafanyakazi wa ndege. Wanne! Hospitali kuna mwili wa tano. Ni wa mwanamke, na hakuna anayeruhusiwa kuuchukua, kwa sababu kwenye karatasi zilizopelekwa huko ndege haikuwa na mtu wa tano.

Jana shefu, bosi wetu wa agensi, alikuja ofisini, na cha kwanza alichouliza ni sabuni. Katoni kadhaa hazikuungua, vijana wakazirudisha, na nikaamriwa niziorodheshe moja moja. Nikaziorodhesha. Ziko hapa pembeni ya meza yangu, zinanuka mafuta ya ndege. Sabuni imepata orodha yake.

Halafu akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini:

"Mu ndeke mulikuwa bitu tu, Clémence. Muntu hapana. Ile kopi yako, uichome."

Nikasema, "Ndiyo, shefu."

Nieleze ukweli wote, maana nikianza kuchagua nitakuwa kama yeye. Sikuitikia kwa kumheshimu. Niliogopa. Kwenye kopi ile kuna kilo za unga nilizopunguza kwa amri yake ili ndege ionekane nyepesi, na mwandiko ni wangu, si wake. Karatasi ikitoka, wa kwanza kufungwa ni mimi. Sijui kama uzito ndio ulioiangusha. Najua tu kwamba niliupunguza kwa kalamu, na kalamu haipunguzi kitu.

Leo adhuhuri akaja mume wa Mama Mbombo, Tata Kabeya, yaani Baba Kabeya. Amelowa chapachapa. Kwapani alikuwa na kitenge kipya kilichofungwa kwenye plastiki kisilowe, cha kumfunikia mkewe. Akasimama pale pale kwenye mizani.

"Mama, ku hôpital banasema bibi yangu hayuko ku liste. Mi nataka tu kumuzika. Weye ulimuona akipanda?"

Nikamjibu, "Mi napima bitu, tata."

Hayo ni maneno yangu. Yalitoka kinywani mwangu, mbele ya kile kitenge.

Akanishukuru! Akasema "aksanti mama", akatoka nje kwenye mvua.

Nikaenda kunawa mikono, sijui kwa nini, na nilipoinusa nikagundua nimenawa kwa ile sabuni. Harufu haijatoka mpaka sasa. Nimesugua kwa majivu, nimesugua kwa ndimu, bado ipo, na kila nikiinua mkono kuandika hapa inanijia puani. Shefu ananichukiza, redio inanichukiza, lakini hao ninaweza kuwakimbia.

Kopi sikuichoma. Ipo mkobani. Sijafuta neno wala namba, wasije wakasema nimeitunga leo. Pembeni tu ya ule mstari nimeandika "Mbombo, mke wa Kabeya, Musonoi", na chini nimeweka jina langu kamili na sahihi yangu.

Najijua lakini. Kutoka hapa hadi kwao Musonoi kwa pikipiki ni muda wa kutosha kabisa kwa mtu mwoga kukumbuka watoto wake, kukumbuka kodi ya nyumba, na kumwambia dereva ageuze. Ndiyo maana naandika hapa mtandaoni kwanza, mahali ambapo hata shefu husoma. Nikishabonyeza kuchapisha, sitakuwa na pa kugeukia.

Pikipiki iko nje inanguruma. Nitampeleka Tata Kabeya hospitali mimi mwenyewe, na karatasi mkononi. Na njiani nitamjibu swali lake la adhuhuri. Nilimuona, tata. Alikuwa amevua viatu, anacheka.