Jina Langu Halimo Kitabuni

Homa Bay, 6 Machi 1966

Kwako Baba Nicodemus Nyamhanga,

Nakusalimu wewe na mkeo na wote hapo nyumbani. Sisi tu wazima, kifua cha mtoto kimepona, namshukuru Mungu. Ana meno mawili, ananiuma nikimnyonyesha kisha anacheka.

Mimi ni Priscah, binti wa marehemu Phelesia aliyekuwa akiuza samaki wakavu hapo mpakani. Mama aliniambia kila mara kuwa ni wewe katekista uliyenibatiza nikiwa mchanga, mgonjwa wa kufa. Sasa mume wangu Zadock amebatizwa na tunataka kubariki ndoa. Padre wa hapa aliomba cheti changu cha ubatizo, padre wenu akajibu kwamba jina langu halimo kitabuni. Nisipopata ushahidi nitaanza mafundisho upya, miaka miwili, na ndoa ingoje. Mama mkwe ananitania, "Kumbe Zadock alituletea mpagani na rozari shingoni!" Nacheka naye, lakini moyoni nauliza: Mama alinidanganya? Hayupo nimwulize. Uko wewe tu.

Mwanao,
Priscah

Homa Bay, 29 Mei 1966

Baba,

Salamu tena. Mzima lakini? Pasaka imepita bila jibu. Kama barua yangu imekuchukiza, nisamehe. Kama Mama alisema uongo, niambie tu. Nitampenda vile vile.

Mwanao,
Priscah

Mpakani, Migori, 19 Juni 1966

Mwanangu Priscah,

Salamu zako zote mbili zimefika. Mimi ni mzima, miguu tu ndiyo inagoma. Nilinyamaza kwa woga, si kwa hasira.

Mama yako hakudanganya. Kanisa hili la mawe unalolijua halikuwepo. Mwaka 1944 lilikuwa la nyasi na udongo, na padre alitoka misheni ya Asumbi mara nne kwa mwaka. Siku hiyo wanawake walikuwa wakikandika ukuta. Phelesia akafika amekubeba, unawaka homa, hunyonyi. Nikamwambia, "Padre atakuja mwezi ujao." Akafoka, "Mtoto huyu hana mwezi, Nyamhanga! Si wewe unayetufundisha?" Nikachota maji kwenye mtungi wa wale wanawake, nikakumwagia kichwani, nikasema maneno yote kama yalivyo. Ukalia. Wakapiga vigelegele, udongo hadi viwikoni.

Lakini mimi mwenyewe, mwanangu, nilikuwa bado sijabatizwa. Nilijua kusoma tu, ndiyo maana nikapewa kufundisha sala. Nilibatizwa Pasaka iliyofuata. Padre alipokuja niliogopa kumwambia. Ningewezaje kukupa nilichokuwa sina? Miaka yote hii, kila nikifungua kitabu kile, naona mahali ulipopaswa kuwa.

Mpe padre wako barua hii. Kosa ni langu, usiadhibiwe wewe.

Baba yako,
Nicodemus

Homa Bay, 17 Julai 1966

Baba yangu,

Miguu inaendeleaje? Keti kwanza ndipo usome.

Padre alisoma barua yako akiwa amesimama. Akaniuliza, "Maji alimwaga?" Nikasema ndiyo. "Maneno alisema?" Ndiyo. "Alitaka kufanya lile ambalo Kanisa hulifanya?" Nikamwambia, Padre, alisita kwanza, lakini alitaka. Akacheka hadi akavua miwani. Anasema mtu akiwa mahututi, yeyote anaweza kumbatiza, hata asiyebatizwa! Ni halali, Baba. Ilikuwa halali tangu siku ile ile, na wewe umebeba hofu hiyo peke yako muda wote huu. Amekwisha kumwandikia mwenzake wa huko.

Mama mkwe amesema, "Haya, mpagani nimemkosa. Sasa nitamtania nani?"

Ndoa ni tarehe 3 Septemba. Njooni wote wawili, Zadock atawangoja kwenye basi. Nataka mtoto wangu akuone. Asante, Baba, kwa kutongoja mwezi ujao.

Mwanao,
Priscah

Mpakani, Migori, 7 Agosti 1966

Mwanangu,

Sote hatujambo, na tutakuja. Mke wangu ameshaanza kutafuta kuku wa kuwaletea.

Jumapili iliyopita Padre aliniita baada ya Misa. Akafungua kitabu cha zamani, akaandika jina lako pembeni ya ukurasa, na jina la Phelesia chini yake. Kuna mahali pa kuandika aliyebatiza, na alikuwa nani, padre au katekista. Jina langu aliandika mara moja, kisha akainua kalamu akaniangalia, kwa kuwa wakati ule sikuwa hata Mkristo.

Nikamwambia, "Andika: jirani."

Akaandika.

Baba yako,
Nicodemus