Nyuki wa Shemeji, Kahawa Yangu

Jumanne, 4 Februari

Nyuki tena. Nilikuwa sijamaliza hata kuwasha jiko. Asali niliiacha ikijichuja kwenye beseni nyuma ya kibanda, nikaifunika kwa kitambaa, na niliporudi kitambaa kilikuwa kinatembea. Mpagazi mmoja wa mlimani akaumwa mdomoni akinywa kahawa. Mdomo ukavimba. Wenzake walicheka kwanza, halafu wakaondoka wote na kuacha vikombe nusu.

Sukari niliitoa mwenyewe mwaka jana. Wanaopanda mlima wanataka asali kwenye kahawa, na sasa Naro Moru nzima inajua kibanda cha kahawa ya asali ni changu. Asali yenyewe nainunua kwa Kariuki, ndugu wa marehemu mume wangu. Inatoka kwenye mizinga ambayo Mwangi aliichonga kwa mikono yake, mimi nikimshikia gogo. Baada ya mazishi Kariuki alisema mwanamke hafugi nyuki, akaibeba yote hadi upande wake wa ua. Wazee wakanyamaza. Kwa hiyo nanunua asali ya mume wangu. Nikiiandika hivyo nataka kupiga kitu.

Alhamisi, 6 Februari

Leo niliwafuata nyuki. Nilisimama na mwiko mkononi nikaangalia wanakoelekea wakishashiba. Juu ya ua, moja kwa moja hadi kwenye mizinga ya Kariuki.

Yaani ananiuzia asali, nyuki wanaichukua kwangu, wanamrudishia, naye ananiuzia tena.

Nilienda kumwambia. Alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, kwani mimi ndiye nimewatuma? Nyuki haijui ploti ya mtu." Mke wake naye akacheka. Nilirudi nyumbani na kusugua sufuria ambayo haikuwa chafu.

Ijumaa, 7 Februari

Asubuhi nzima hakuna mtu. Wapagazi wanakunywa chai ng'ambo ya barabara. Wananipungia mkono kutoka huko, wajinga hao.

Jumapili, 9 Februari

Nilijaribu sukari nguru. Dada yangu aliniletea kutoka Murang'a. Kahawa ikawa na ladha ya kitu kilichoungua. Hiyo ningeivumilia. Lakini baada ya kanisa mtu wa chifu akaja, akafunua sufuria zangu moja moja na kunusa, kwa sababu huku kwetu ukionekana na nguru, basi wewe ni mpika pombe. Mimi, wa kwaya. Alinusa hata maji ya kuoshea vikombe.

Nguru nimewapa ng'ombe.

Jumatano, 12 Februari

Nanyuki, kununua buni. Nilipita kwa Halima, anayeuza viungo na tende karibu na msikiti. Tunajuana tangu watoto wetu walipokuwa darasa moja. Yeye hunywa kahawa chungu yenye tangawizi. Anauma tende, anapiga funda, anauma tena. Nilimlalamikia mpaka koo likakauka. Akasema, "Sukari ya nini, mama, na tende ndiyo hii?" Nikamjibu wateja wangu wanataka asali, si tende za watu wa Nanyuki. Nilikuwa mkali bure. Alinifungia pakiti ya tende na hakutaka nilipe, jambo ambalo lilinikasirisha zaidi.

Jumamosi, 15 Februari

Kariuki anavuna tena. Niliona moshi. Februari, nyasi zimekuwa kahawia, hakuna ua hata moja la kuwalisha, naye anakata masega. Mwangi hakuwahi kugusa mzinga wakati wa kiangazi. Alikuwa akisema hicho ni chakula chao, hata kama sisi tumekaukiwa.

Nilimpigia kelele juu ya ua. Akaniambia hiyo ni kazi ya wanaume, nirudi kwa kahawa yangu. Kisha akaongeza, bila hata kuniangalia, "Na si wewe ndiye unanunua?"

Nilirudi kwa kahawa yangu. Anavuna kwa sababu nanunua. Kila kikombe nilichokoroga tangu Krismasi kimetoka kwenye akiba yao, halafu nalalamika wakija kuitafuta. Nina hasira na Kariuki, na safari hii nina hasira na nafsi yangu pia.

Jumatatu, 17 Februari

Kariuki alileta debe la asali. Nikamwambia arudi nalo.

Halafu nikaenda nyuma ya jiko. Kuna mzinga wa mwisho wa Mwangi, gogo la mti wa mringaringa alilolimaliza kabla ugonjwa haujamlaza. Hakuwahi kulitundika. Kuku wamekuwa wakitaga humo na sisi tumelisahau. Nilitoa manyoya, nikalifukiza, nikalipaka ndani nta iliyobaki kwenye kitambaa changu cha kuchujia, harufu yake iwaite nyuki. Nilichukua ngazi, nikalipandisha mwenyewe kwa kamba hadi kwenye mti nyuma ya kibanda. Mikono imechunika. Majirani walisimama barabarani wakaangalia, na hakuna aliyenishikia ngazi.

Alhamisi, 20 Februari

Kariuki amekuja. Alisema naaibisha ukoo, mwanamke kupanda mti na kutundika mzinga, watu watasema nini. Nilimwambia, "Hizo ni kuni, shemeji. Nimezianika juu."

Hakucheka. Nimefurahi sana kwamba hakucheka.

Jumanne, 25 Februari

Gogo ni tupu. Buibui ameingia. Kibandani hakuna asali na hakuna nyuki. Vijana kutoka Nairobi walikuja na mabegi yao ya mlima, wakauliza iko wapi asali waliyoambiwa. Niliwapa tende. Wawili walizigeuzageuza wakaziacha kwenye sahani. Mmoja alikula na kuomba kikombe cha pili.

Pengine mimi ni mwanamke mjinga aliyetundika kiota cha kuku juu ya mti. Nachukia kungoja.

Jumapili, 2 Machi

Nilikuwa nafunga kitambaa cha kichwa niende kanisani niliposikia mngurumo. Nikatoka nje. Wingu jeusi juu ya ua, likizunguka, likija upande wangu. Watu barabarani walilala chini. Mimi nilisimama tu, viatu vya kanisa mkononi.

Nyuki walishuka kwenye gogo. Waliliparamia lote, kisha wakaanza kuingia, na hawakuisha upesi.

Kariuki alikuja mbio na gunia na moshi. Mzinga wake mmoja umebaki mtupu. Waliona njaa wakahama. "Hiyo nyuki ni yangu," akasema, na akashika ngazi. Nikaishika upande wa pili. Wazee walewale wa siku ya mazishi walikuwa wamesimama pale na Biblia zao. Kila mmoja wao anajua, na Kariuki anajua kuliko wote, kwa sababu baba yake ndiye aliyekuwa akiamua kesi za nyuki: nyuki wakihama wenyewe na kuingia mzinga wa mtu, ni wake. Haikusemwa popote kwamba mtu huyo awe mwanamume.

Nilimwambia, "Shemeji, nyuki haijui ploti ya mtu."

Mzee mmoja akakohoa. Kariuki akaachilia ngazi. Sikwenda kanisani.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua imenyesha tangu jana. Barabara ni matope, mlima hauonekani. Wapagazi wawili waliingia kujikinga, mmoja ni yule aliyeumwa mdomoni. Waliuliza asali. Nikawaambia haipo, mpaka maua yatoke, na nyuki wapate kula kwanza.

Kariuki alipita. Alisimama upande wake wa ua akiangalia gogo. Aliuliza kama bado wako. Nikasema wako. Akaniambia nizibe ule ufa wa chini, maji yataingia. Nimeuziba kwa udongo.

Tende imebaki moja. Nilimwaga kahawa kikombeni, nikaenda kwenye mti, nikapanda ngazi, nikaegemeza sikio kwenye kazi ya Mwangi. Wanaunguruma polepole humo ndani. Nilikunywa kahawa chungu mpaka ikaisha.