Kwa Lovrenc, Mkanyaga Njia wa Kriva Greda

Mwaka mzima umepita, Baba Neža, tangu ututoke bila kuaga, kule kibandani juu ya mlima Kriva Greda, kijiko mkononi na bakuli la maharagwe na kabichi chachu halijafika nusu. Mirt, mwenye kibanda, anaapa mpaka leo kwamba hukulalamikia chochote isipokuwa chumvi.

Ulikuwa mtu wa posta miaka thelathini na minne. Bibi kipofu wa mtaa wa juu ulimfungulia barua zake na kumsomea, na zenye habari mbaya ulizipunguza makali njiani. Ulikuwa mkarimu, mchangamfu, na mbishi kuliko punda. Tunayasema haya kwa upendo.

Mlimani ulitaka kutangulia wewe tu. Theluji ikiwa nzito, watu hupokezana kukanyaga njia: wa mbele akichoka husogea pembeni, wa nyuma yake hushika zamu. Zamu yako wewe haikuisha. Daktari alipoutilia shaka moyo wako, binti yetu Neža, ambaye ni muuguzi, alitoa amri: Baba atatembea wa mwisho, kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa. Ukakubali upesi mno. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Kuanzia siku hiyo, kila Jumapili tulivaa viatu vyetu vipana vya theluji na kukuta njia imeshakanyagwa mgongo mzima wa mlima mpaka kileleni, utadhani imepigwa pasi. Mkwe wetu Rok alimwombea baraka huyo msamaria asiyejulikana. Akamwandikia hata shukrani kwenye daftari la kileleni, lile ambamo kila anayefika hutia jina. Wiki iliyofuata akakuta jibu kwa herufi kubwa: "KARIBUNI. ILA MNATEMBEA KAMA MNAKWENDA MATANGANI." Rok alinuna mpaka Jumatano, nawe ukawa unampoza, unamwambia watu wa siku hizi hawana adabu.

Kila Jumamosi mchana ulikuwa unaaga kwamba unakwenda kucheza karata kwa rafiki yako Jernej. Haya. Karata gani hizo zinazolowesha soksi mpaka magotini? Nilizianika juu ya jiko, nikanyamaza. Ulikuwa unarudi mashavu mekundu, unaimba, unakula chakula cha watu wawili. Nilishindwa kukuharibia.

Mirt alipopiga simu Jumamosi ile uliyotutoka, Neža aliniuliza mara moja tu: "Mama, ulijua?"

Nikamwambia sikujua.

Mwaka mzima nimeubeba uongo huo, huku nikimwona binti yangu akijilaumu kwamba hakukuchunga vya kutosha. Mwandiko wangu hausomeki, kwa hiyo Neža ndiye anayeniandikia tangazo hili la kumbukumbu. Basi andika, mwanangu, kila mtu asome: nilijua. Nilijua tangu Jumamosi ya kwanza.

Hapo aliweka kalamu chini. Akatoka kwenda kupasua kuni, na kuni zikapata adhabu isiyo yao. Sasa amerudi, nywele zimejaa vumbi la mbao, ameshika kalamu tena.

"Nitakukasirikia mpaka Pasaka, Mama," amesema. "Halafu basi."

Pasaka mwaka huu iko mbali. Nimekubali, naye amenimiminia chai.

Ningekuzuia, Lovrenc, labda ungekuwepo leo, umekaa dirishani umenuna, humsemeshi mtu. Wakati ule niliona nisingeuweza mnuno huo. Leo ningeupokea kwa mikono miwili.

Unakumbukwa na mkeo Zofka, binti yako Neža, mkweo Rok, rafiki yako Jernej, na mjukuu wako Ajda, aliyerithi viatu vyako vya theluji na, Mungu atusaidie, ubishi wako.

Hututoki moyoni, Baba Neža, si leo wala kesho.