Miti ya baba yangu na mwisho wa dunia

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke, nakuandikia nikiwa bandani tunamokaushia mpira wa miti yetu kwa moshi, mahali pekee ambapo mume wangu haingii siku hizi, kwa sababu anasema macho yake anayatunza yamwone Bwana akija mawinguni, na moshi utayaharibu.

Mume wangu Kuriakose ni mtu mwema, hanywi, hanipigi, na kanisani aliheshimiwa hadi alipoanza kumsikiliza Ndugu Thankachan kwenye simu, mhubiri mwenye ubao mweupe na kalamu nyekundu, anayejumlisha falme za Danieli na vita vya kwenye habari na kupatwa kwa mwezi, akapata kwamba dunia inaisha mwaka huu kabla mvua kubwa hazijaanza, ingawa mwaka jana alipata kwamba inaisha kabla ya Pasaka, na Pasaka ilipopita akasema hesabu ilikuwa sahihi ila Mungu ametuhurumia, na mume wangu akalia kwa furaha badala ya kuuliza swali hata moja.

Hayo yote ningeyavumilia, lakini sasa amegusa miti. Shamba letu la mpira aliniachia marehemu baba yangu, ambaye aliigema miti ile kwa mkono mwepesi kama anayemnyoa mtoto mchanga, na bado ina miaka mingi ya kutoa utomvu, na mwanetu Lijo aliyeko Kuwait anapanga kurudi Krismasi aishike kazi hiyo asiondoke tena. Kuriakose amekwenda kumwita mkandarasi aje Jumatatu aigeme kwa kuua, kama tunavyoifanyia miti mizee inayongoja shoka, gome lichanjwe pande zote, juu na chini, mti utoe kila tone ulilo nalo kisha ukauke, ili apate fedha za kununua vipaza sauti awaonye watu wa sokoni.

Nilimwambia, "Baba Lijo, mvua zikinyesha na dunia bado ipo, tutakula nini?"

"Mke wa Lutu naye aligeuka nyuma," akanijibu. "Wewe geuka tu, uwe nguzo ya chumvi kama yeye. Mbuzi watakuja kukulamba."

Mama yake, bibi Mariamma, alikuwa barazani akitafuna tambuu. Akasema, "Kuriakose, baba yako naye alingoja mwisho wa dunia kwenye kiti hicho hicho ulichokalia. Ukamjia yeye peke yake."

"Mama, usikufuru!"

"Nakufuru nini? Nimesema kiti. Hebu inuka, nikalie mimi."

Lijo naye nikampigia simu, akapiga kelele hadi nikaitoa sikioni: "Mama, usikubali! Nikirudi nitagema nini, nguzo za umeme?"

Mkandarasi amesema hatatia kisu hadi mimi mwenye shamba niseme ndiyo. Kuriakose anasema nikikataa nitakuwa nimemkana Bwana kwa ajili ya magome, na moyo wangu hautulii, maana itakuwaje ikiwa yeye ndiye mwenye haki, wenzangu wanyakuliwe, mimi nibaki nimeshika ndoo ya utomvu? Na juu ya hayo yote, jana amenigombeza kwa kuwa sijayatia chumvi maembe machanga, akasema achari ya mwaka jana niliiharibu kwa kuifungua mapema, ya mwaka huu nisiiguse hadi Krismasi, Lijo anaipenda ikiwa imeiva barabara. Sina nguvu za maembe wala za mwisho wa dunia. Je, Mkristo auamini utabiri huu? Niseme ndiyo au niseme hapana?

Aleyamma, karibu na Pala

Aleyamma,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nilikasirika, kwa sababu jibu umeliandika mwenyewe karibu na mwisho, ukalipita kama mtu anayepita mlango wa nyumba yake.

Nianze na imani. Hapana, Mkristo asiuamini. Bwana atarudi, hilo nimelikiri tangu utotoni na sitaliacha. Lakini alisema mwenyewe kwamba siku ile hata malaika hawaijui. Malaika hawana ubao, ni kweli, lakini wanakaa karibu na kiti cha enzi kuliko Ndugu Thankachan. Tena mtu aliyekosea hesabu mwaka jana, akaliita kosa lake huruma ya Mungu, hajatubu. Amemsingizia Mungu.

Bwana alimsifu mtumishi atakayekutwa kazini. Hakumsifu anayechinja ng'ombe wa bwana wake eti kwa kuwa bwana yuko njiani. Akija kesho asubuhi, akukute shambani na kisu chembamba, ukigema kama baba yako alivyogema.

Sasa wewe. Mkandarasi amekuuliza swali moja, nawe umekimbilia kwenye moshi. Shamba ni lako. Mke wa Lutu aligeukia mji uliokuwa ukiteketea. Wewe unaitazama miti inayowalisha. Usikubali tena kufananishwa naye, na mbuzi wale majani.

Mumeo usimwite mwendawazimu. Anayesikiliza vita kutwa nzima huku mwanawe yuko mbali, lazima aogope. Lakini anayeamini kwa dhati kwamba hatutaziona mvua hagombani na mkewe kwa ajili ya achari ya Krismasi. Kichwa cha Kuriakose kiko kwa Thankachan. Tumbo lake linamngoja Lijo, na katika nyumba hiyo ndilo lenye imani iliyo timamu.

Basi fanya hivi. Jumatatu mpe mkandarasi chai, umwambie hapana, mbele ya mumeo, bila kulia. Akishaondoka, yatie maembe chumvi, ufunge mdomo wa mtungi kwa kitambaa, umwambie Kuriakose aubebe yeye hadi ghalani. Akiwa ameukumbatia, muulize, "Baba Lijo, tuufungue lini?"

Akisema Krismasi, mkabidhi kisu cha kugemea, uende naye shambani. Akisema hakuna Krismasi, mpokonye mtungi, uanze kuwagawia majirani maembe hayo papo hapo. Nakuhakikishia, mkono wake utaufikia mtungi kabla parapanda haijalia.