Samaki ya Bahari Chini ya Nguba

Siku ya posho, 2 juillet 1977
Leo mbavu zinauma kwa kucheka! Nilitoka chambre froide, kule wanauzisha samaki ya barafu, na samaki ya bahari, ile inakuya na avion, ngumu kama tofali. Chini ya mutaa wa Nguba, kando ya ziwa, nikakuta shemeki yangu Ignace, kaka ya bibi yangu Georgette, anasinzia. Kamba ya ndoano mu maji, kofia juu ya pua. Tangu Pasaka anarudi mikono mitupu. Shetani akaniita: Polycarpe! Jina ya ubatizo kabisa, hata kama Chama imekataza majina ya kikristo. Nikavuta kamba polepole, nikatia samaki ku ndoano, nikarudisha mu maji. Nikakohoa. Ignace akashtuka, akavuta — "Maria mama wa Mungu!"
Siku ya ndoa yangu yeye alitia pilipili mu pombe ya wakwe. Shemeki hakasirike. Kesho nitamwambia.

Siku ya yenga, 3 juillet
Sikumwambia. Alileta samaki mu kanisa, mu kikapu! Watu wote wakamuzunguka. Tangu bibi yake Colombe afe sijaona meno ya huyu muzee. Leo nimeyaona yote matano. Raphaël, mwalimu wa biologie, alifungua kitabu pale pale mulangoni: samaki ya bahari, hakuna shaka.
Georgette anauliza: samaki yetu ilienda wapi? Nikasema chambre froide ilifungwa.

Siku ya pili, 5 juillet
Raphaël ametia samaki mu chupa ya kanyanga, pombe kali, isioze. Inakunywa kuliko sisi! Tena amechora karta ya inchi: mushale mwekundu toka Banana, kule bahari inaanzia, mpaka hapa kwetu. Anasema makao ya hii samaki yamepanuka, dunia yote itajua.
— Na maporomoko ya Inga, mwalimu? Ilipanda na ngazi?
— Papa Polycarpe, nature iko na siri yake.
Kweli. Na siri yenyewe inavaa suruali yangu.

Siku ya tano, 8 juillet
Mambo imeharibika. Commissaire de zone, mukubwa wa serikali hapa kwetu, amesikia. Eti samaki imekimbia maji ya wageni, imechagua Zaïre! Siku ya posho ya juma ijayo, ngoma, animation na nyimbo za Chama, viti vya wakubwa — na Ignace avue ingine mbele yao.
Mutu akidanganya Chama analala mu cachot. Na Ignace, na kifua chake kigonjwa! Usiku mmoja juu ya ciment, tunamuzika.

Siku ya pili, 12 juillet
Nilienda kumwambia. Nikamukuta anapiga pasi suti ya abacost ya kuazima, anaimba.
— Shemeki, ile samaki…
— Kunywa kwanza.
Nikakunywa. Raphaël akaingia na karta yake. Nikakunywa tena. Nikarudi. Muoga!
Georgette: unakonda, unaficha nini? Eh, mama.

Siku ya tano, 15 juillet
Nilitaka kununua samaki ingine, nimusaidie Ignace. Avion haikufika. Moja tu ilibaki, na wameinunua asubuhi. Nani? Muuzaji hajui — muzee fulani tu. Nikazunguka soko ya Kadutu mpaka miguu ikavimba. Sikupata hata mukia.

Siku ya posho, 16 juillet
Niko juu ya jiwe, ziwani. Ngoma inalia. Ignace alikuya kukaa karibu yangu, kikapu chake kinavuja maji. Akasema mu sikio:
— Samaki yako ilikuwa na barafu mu tumbo. Niliona siku ile ile.
— Na ukanyamaza?!
— Nilitaka kuona utakonda mpaka wapi.
Akanipiga bega. Eti nisimuhurumie, yeye hadanganye Chama: amewaambia muvuvi ni mimi.
Na kweli! Micro inaita "Citoyen Mushagalusa" — ni mimi huyo, jina yangu ya Chama! Nikaenda kusalimia wakubwa. Nikarudi. Ignace akanipa kamba: "Shika, nimekwisha kukutupia."
Mukono moja kwa kamba, moja kwa bic. Commissaire anauliza ninaandika nini. Nimejibu: hali ya maji. Anasogeza kiti. Ngoma imekatika.
Kikapu cha Ignace kiko tupu. Hakivuje tena.
Nyuma yangu shemeki anakohoa —