Mgomba wa Wangila

Kampala, 6 Machi 2009

Mdogo wangu Marlène,

Hujambo huko Namuwongo? Watoto je? Sisi hapa dukani Old Kampala tunasukuma siku. Najua unasafiri Jumatatu kwenda China kununua bidhaa, na ana kwa ana nitaishia kulia, kwa hiyo nakuandikia.

Guangzhou haimshindi mwenye akili. Kadi ya hoteli yenye maandishi ya Kichina usiiache chumbani. Dereva wa teksi Kiingereza hajui, Kiswahili ndiyo kabisa. Viatu agiza namba moja juu, vya huko ni vidogo. Mzigo ufungwe mbele ya macho yako. Beba unga na dagaa.

La mwisho ndilo kubwa. Mume wangu Wangila alikwenda huko kununua viatu, mwaka wa pili huu, na simu yake haiiti. Picha yake hii hapa. Jumapili Waafrika wengi husali kwenye kanisa la mawe. Hatukuzaliwa tumbo moja, lakini mdogo wangu ni wewe. Nitafutie, nakuomba.

Dada yako,
Loice

Guangzhou, 15 Machi

Dada Loice,

Mgongo umepoa? Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa ngazi. Namba moja juu ulinidanganya, ni mbili! Na hukuniambia kwamba hapa wanakunywa maji ya moto matupu. Nilikaa nangoja majani ya chai mpaka muuzaji akanicheka.

Kanisani nimeonyesha picha kwa kila mtu. Hakuna. Lakini Jafar, Mganda anayesafirisha mizigo, aliitazama sana kabla ya kusema hamjui. Nitamrudia. Barua hii anakuletea Huguette, mfanyabiashara mwenzangu anayerudi huko.

Mdogo wako,
Marlène

Kampala, 21 Machi

Mdogo wangu,

Nashukuru kwa kuwa mzima. Mimi sijambo ya mdomoni tu.

Shemeji zangu walikuja kutoka Bungoma. Kwetu Bungoma mtu akipotea na mwili usionekane, hukatwa shina la mgomba, likavishwa sanda, likazikwa badala yake. Wamepanga Jumamosi, tarehe nne Aprili. Nikawaambia mume wangu si mgomba. Wakaniuliza, yuko wapi basi?

Marlène, akiwa hai, hata mgonjwa, hata gerezani, nitawazuia. Mbane huyo Jafar. Mpaka leo nalala upande wangu tu wa kitanda.

Dada yako,
Loice

Guangzhou, 29 Machi

Dada yangu,

Salamu zitangoja. Keti kwanza, na watoto watoke nje.

Nimemwona. Jafar nilimbana mpaka akanipeleka. Yuko hai, tena amenenepa. Anakaa ghorofa ya sita na mwanamke wa hapa, na wana mtoto wa miezi mitano. Nilimtukana kwa Kiswahili chote nilicho nacho, kilipokwisha nikaendelea kwa Kifaransa. Nikamwambia mnazika mgomba. Akasema: "Shemeji, ambia Loice hukuniona. Wacha wazike tu. Afadhali awe mjane kuliko mke wa kuachwa." Akalia. Sikumhurumia.

Nimekaa na kalamu siku mbili. Ningeweza kunyamaza, lakini ni wewe uliyenituma. Barua hii anaibeba Bienfait, mwenzetu wa safari, anafika huko Jumatano. Nisamehe.

Mdogo wako,
Marlène

Kampala, 7 Aprili

Mdogo wangu Marlène,

Watoto wazima. Tumerudi jana kutoka Bungoma.

Barua yako Bienfait aliniletea Jumatano, nikaisoma mara nne. Ijumaa nikapanda basi na watoto, nayo nimeificha ndani ya nguo. Njia nzima nilijiambia, nikifika nitasema.

Nikamkuta mama mkwe ameketi chini kando ya ule mgomba, ameufunika shuka lake mwenyewe. Akaniuliza, "Mama Nekesa, huko China hawajasikia kitu?"

Nikasema hapana.

Tulizika saa nane, kando ya kaburi la baba yake. Nililia mpaka sauti ikakauka, na watu wakasema huyu alimpenda mumewe. Ni kweli, nilimpenda sana. Sikuweza kumwambia mama yule kwamba mwanawe yupo na hataki kuja. Mwambie Wangila amefanyiwa kila kitu na mimi nimenyolewa nywele kama mjane. Asije siku moja akabisha mlango wa mama yake, atamuua kwa mshtuko.

Ndani ya basi Nekesa aliniuliza kama baba alikufa na njaa. Nikamwambia hapana mwanangu, alikuwa ameshiba. Hilo angalau si uongo.

Dada yako,
Loice